Bia na Umbali katika Jimbo la Montana

Mtu ahamapo kutoka mji mkubwa wa Marekani kwenda kukaa katika jimbo lenye watu wachache, jamaa zake humwuliza maswali mengi juu ya baridi, shule na madaktari. Liko swali moja ambalo hujiuliza mwenyewe, aghalabu kwa sauti ya chini: je, huko ataipata bia ya viwanda vidogo, ile ipikwayo kwa mapipa machache na mpishi ajulikanaye kwa jina lake, au itampasa kuridhika na bia za makampuni makubwa, ambazo ladha yake ni moja kila mahali? Swali hili laonekana dogo, wala halimhusu mtu asiyegusa kileo. Walakini jibu lake limo katika historia, na historia hiyo yafaa kusomwa hata na mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake, kwa kuwa inaonyesha jinsi umbali na sheria zinavyoamua ni kazi gani itakayofanyika mahali fulani na ni ipi itakayokufa.

Tuchukue jimbo la Montana. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 380,000, kubwa kuliko Ujerumani nzima, lakini hesabu ya mwaka wa 2020 ilipata humo watu 1,084,225 tu. Akili ya haraka ingesema kuwa penye watu wachache hapana wanunuzi, na pasipo wanunuzi hapana viwanda. Historia yakataa. Mwaka wa 1870, nchi hiyo ilipokuwa na watu kama 20,000 walioandikwa, bia ilipikwa katika miji yake mingi ya migodi. Mwaka wa 1970, walipokuwa wamekaribia 700,000, hapakuwa na kiwanda hata kimoja. Leo viko zaidi ya 80, na Montana huhesabiwa pamoja na Vermont na Maine miongoni mwa majimbo ya mbele kabisa kwa wingi wa viwanda vya bia ukilinganishwa na idadi ya wakazi. Basi uchache wa watu peke yake hauelezi neno, na sababu yapasa kutafutwa kwingine.

Dhahabu ilipatikana Bannack mwaka wa 1862, na mwezi wa Mei mwaka wa 1863 ikapatikana katika bonde la Alder, mahali palipoota mji wa Virginia City. Kabla ya mwaka kwisha, maelfu ya watu walikuwa wamejazana humo, na bia ilikuwa imekwisha kuanza kupikwa. Jambo hili halistaajabishi mtu aijuaye pombe ya mtama au ya ulezi. Pombe ile haiwezi safari. Hunywewa karibu na chungu chake, katika siku chache, au humwagwa. Bia ya shayiri ya siku zile ilikuwa na udhaifu uo huo. Mitungi ya barafu na kanuni ya Pasteur ya kuipasha moto chupani zilikuwa bado hazijaenea. Kuileta kwa magari ya ng'ombe kutoka Salt Lake City, mwendo wa kilomita zaidi ya 500 za milima na vumbi, kulikuwa ni kuleta siki kwa gharama kubwa. Wiski iliweza kubebwa, maana haiharibiki. Bia ilipasa kuzaliwa papo hapo. Na umbali huo haukuwa mchezo. Katika masika ya mwaka wa 1865, theluji ilipokuwa imezifunga njia, unga ulipungua Virginia City, bei ikapanda mara nyingi, na watu wakatoka kwa silaha kuutafuta katika maduka na kuugawa. Mahali ambapo mkate wenyewe uliweza kukosekana, aliyekuwa na kimea, maji baridi na chachu alikuwa na biashara isiyokuwa na mpinzani kutoka nje. Umbali ulikuwa ukuta wake.

Mmoja wa wapishi hao alikuwa Nicholas Kessler, mzaliwa wa Luxembourg, aliyejenga biashara yake Helena katika miaka ya 1860. Alipika bia, na tena alifyatua matofali, ambayo mji ule, baada ya kuungua moto mara kadhaa, uliyahitaji kama ulivyoihitaji bia. Mwingine, Leopold Schmidt, Mjerumani, alianzisha kiwanda cha Centennial katika mji wa Butte mwaka wa 1876. Butte ulikuwa mji wa shaba. Wachimbaji waliingia na kutoka ardhini kwa zamu usiku na mchana, na mtu atokaye shimoni saa 12 asubuhi alikuwa na kiu ileile ya mtu atokaye saa 12 jioni. Yaelekea hapakuwa na mji mwingine kati ya Minneapolis na bahari ya magharibi uliomfaa mpishi wa bia kuliko huo. Hata hivyo Schmidt hakukaa. Alivutiwa na maji ya chemchemi za Tumwater, katika jimbo la Washington, na mwaka wa 1896 bia yake iliyoitwa baadaye Olympia ilianza kutoka huko. Jina hilo litarudi.

Reli ilifika Butte mwishoni mwa mwaka wa 1881, na mwaka wa 1883 njia ya Northern Pacific ikaunganishwa katikati ya Montana, karibu na Gold Creek. Sasa mabehewa ya barafu yaliweza kuleta bia ya Milwaukee na St. Louis ikiwa nzima. Ukuta ulitobolewa, lakini haukuanguka. Reli iliyoleta bia ya wengine ilileta pia watu, mitambo na chupa, na kwa miaka 30 zaidi viwanda vya wenyeji viliendelea kushindana nayo.

Lililoviangusha kwanza ni kura. Mwaka wa 1916 wapigaji kura wa Montana waliikataa pombe, na marufuku ikaanza mwisho wa Desemba 1918, mwaka mmoja na zaidi kabla ya ile ya taifa zima. Ukame ukaja pamoja nayo. Wakulima waliokuwa wamejazana katika tambarare za mashariki walikimbia mashamba, na kati ya mwaka wa 1920 na 1930 Montana ilikuwa jimbo pekee la Marekani lililopungukiwa na watu. Mwaka wa 1926 wenyeji waliifuta kwa kura sheria ya jimbo ya kuisimamia marufuku, ingawa ya taifa ilidumu mpaka mwaka wa 1933. Pembeni mwa habari hii yafaa kukumbusha kwamba wenye asili ya nchi, Blackfeet, Crow, Salish na wengineo, waliishi chini ya marufuku ya namna nyingine, waliyowekewa na serikali ya taifa tangu karne ya 19 na ambayo haikuondolewa hata mwaka wa 1953. Wanaosimulia habari za bia ya Montana kama hadithi ya furaha tupu huliruka jambo hili.

Viwanda vichache vilivyofufuka baada ya mwaka wa 1933 vilikuta mambo mageuzi. Sheria mpya katika majimbo mengi zilitenga makundi matatu: apikaye, asambazaye kwa jumla, na auzaye kwa bilauri au chupa, na mmoja asiingie katika kazi ya mwingine. Kusudi lilikuwa jema, kuzuia makampuni makubwa yasimiliki baa na kuzivuta nyuma yao. Lakini kanuni hii ilimwumiza mdogo zaidi kuliko mkubwa. Msambazaji mwenye lori moja la kupita kilomita 300 kati ya miji miwili hujaza lori lake kwa bia itakayotoka upesi, si kwa bia ya jirani isiyotangazwa.

Kisha zikaja barabara kuu, makopo na matangazo ya televisheni. Kiwanda cha Kessler kilifungwa katika miaka ya 1950. Butte, mji wa kiu, ulikosa kiwanda chake cha mwisho katika miaka ya 1960. Kile cha Missoula, kilichopika bia ya Highlander, kilifungwa mwaka wa 1964, na barabara kuu mpya ya I-90 ikapita mahali pake. Cha Great Falls kilifungwa mwaka wa 1968, na cha baada yake hapakuwa. Bia ya Olympia, iliyoasisiwa na mpishi aliyetoka Butte, ilikuwa ikiuzwa kote katika majimbo ya magharibi. Shayiri nzuri ya Montana iliendelea kuvunwa na kuuzwa kwa makampuni makubwa ya majimbo mengine, kisha ikarudi nyumbani ndani ya makopo. Mtu aliyehamia huko katika miaka hiyo hakuwa na haja ya kuuliza swali letu.

Mwanzo mpya ulitoka mbali. Mwaka wa 1976 ushuru wa taifa ulipunguzwa kwa wapishi wadogo, na mwezi wa Oktoba 1978 Rais Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu watu kupika bia majumbani kwa matumizi yao. Waliojifunza jikoni wakataka kuuza. Helena ilipata kiwanda kidogo mwaka wa 1984, kikajipa jina la Kessler. Missoula ilipata Bayern mwaka wa 1987 na Big Sky mwaka wa 1995. Viwanda hivi viliishi, lakini kwa shida ileile ya msambazaji na umbali, maana faida ya pipa ilimezwa njiani.

Sheria ya mwaka wa 1999 ndiyo iliyogeuza mambo, nayo yastahili kutazamwa kwa makini. Wapishi waliomba ruhusa ya kuuza bia kwa bilauri mlangoni pao. Wenye baa walipinga, wala hawakupinga kwa choyo tu. Leseni za baa Montana zimewekewa idadi kwa kadiri ya watu wa mahali, na kwa kuwa idadi hiyo haiongezeki ovyo, leseni huuzwa kwa bei ya nyumba au zaidi. Mtu aliyekopa fedha nyingi kununua haki ya kuuza bia angewezaje kumtazama jirani akipewa haki hiyo karibu bure? Suluhu ilikuwa ya ajabu. Kiwanda kisichozidi mapipa 10,000 kwa mwaka, yaani lita milioni moja na zaidi kidogo, kiliruhusiwa kuuzia watu ndani. Lakini mtu mmoja asiuziwe zaidi ya aunsi 48 kwa siku, kiasi cha bilauri tatu, na mauzo yakome saa 2 usiku.

Mipaka hiyo ilikusudiwa kumfunga mpishi, nayo kwa sehemu ilimfunga. Lakini bilauri iuzwayo mlangoni humletea bei nzima, bila lori na bila msambazaji, na kwa hiyo mapipa machache yanatosha kumlisha. Kufungwa mapema kuliwaleta watu wasiopenda baa: wazee, wenye watoto, wakulima wanaoamka alfajiri. Mji wa watu 1,000 ambao usingeweza kulijaza lori la mtu uliweza kuwalisha wapishi wawili au watatu wa kwao. Philipsburg, mji wa zamani wa fedha wenye watu wasiofika 1,000, ulipata kiwanda mwaka wa 2012 ndani ya jengo la karne ya 19.

Kwa hiyo mhamiaji wa leo hapati kile alichokiogopa wala hasa kile alichokitamani. Bia ya mji alikotoka huenda asiione kabisa, kwa kuwa kiwanda kidogo cha mbali hakina sababu ya kulipeleka lori katika nchi pana yenye wanunuzi wachache. Badala yake atakuta bia ambayo haiuzwi nje ya wilaya, na atalazimika kuifuata ilipo. Upande wa magharibi safari hiyo ni fupi. Mashariki, ambako wilaya ya Garfield ina watu wasiofika 1,300 katika kilomita za mraba zaidi ya 12,000, ni safari ya nusu siku. Hata huko, mwaka wa 2008 kilifunguliwa kiwanda Wibaux, mji wa watu 500 hivi karibu na mpaka wa North Dakota, kando ya reli ileile ya Northern Pacific iliyoingiza katika Montana mapipa ya kwanza ya mashariki.