Mbu wa Pemba waliogoma kufa

Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, Chake Chake, ilitimiza robo karne mwaka 2025. Hongera inastahiki. Lakini kisa kitamu zaidi cha malaria kisiwani hapa ni cha mbu na mishipa yake ya fahamu.

Wazee wanaikumbuka DDT. Ilipulizwa majumbani chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, malaria ikashuka. Mwaka 1968 kazi ikasitishwa, malaria ikarudi. Miaka ya 1980 ikapulizwa tena, ikaachwa tena.

Mwaka 2006 ikaja dawa ukoko ya jamii ya pareto. Kwa mdudu, mshipa wa fahamu hutema glutamati kwenye msuli. Vipokezi vya msuli huidaka na msuli hukaza. Kemikali nyingine, GABA, ndiyo breki. Dawa hii haigusi vipokezi hivyo. Hung'ang'aniza milango ya sodiamu ya mshipa ibaki wazi, amri zinamiminika bila kikomo, mbu anatetemeka hadi analala kichalichali.

Ndivyo ilivyotakiwa. Kumbe! Watafiti waliwatia mbu wa Pemba kwenye mirija yenye karatasi za dawa kwa saa moja, wakawahesabu baada ya saa 24. Kundi kubwa lilikuwa hai, ilhali wa Unguja walikuwa bado wakifa. Sisi Wapemba, tuliozoea kuambiwa kila jambo huanzia Unguja, mara hii tuliongoza.

Ungetarajia milango ya sodiamu imebadilika umbo, kama kwingi Afrika. Haikubadilika. *Anopheles arabiensis* wa hapa walikuwa na vimeng'enya vya kuivunja dawa kabla haijafika kwenye mshipa.

Mwaka 2012 ikaletwa dawa nyingine ya kupuliza, bendiokabu. Hiyo hunasa kimeng'enya kinachofagia asetilikolini, kemikali inayofanya kazi katika ubongo wa mbu. Kwetu sisi binadamu ndiyo inayoamrisha misuli, na ndiyo sababu mpulizaji havui glavu wala barakoa. Iliyofuata, pirimifosi-methili, hunasa kimeng'enya kilekile: kanzu mpya, mwili uleule.

Kuna pia ivermektini, dawa ya kumeza iliyoanza kugawiwa Zanzibar nzima mwaka 2001 dhidi ya matende na mabusha. Hiyo ndiyo inayovamia vipokezi vya glutamati vyenyewe, vya aina inayopitisha kloridi, na misuli hulegea. Mbu akimnyonya aliyeimeza siku chache nyuma, huweza kufa. Mimi nilipopewa vidonge vyangu nilielezwa habari za minyoo tu.