Swali la Barafu: Fizikia, Lugha na Mwanafunzi wa Buguruni

1. Utangulizi

Historia ya ufundishaji wa sayansi nchini Tanzania aghalabu huandikwa kwa kufuata sera, mitaala na uchache wa maabara. Mhadhara huu unaifuata historia hiyo kwa njia nyembamba zaidi, yaani swali la mwanafunzi mmoja. Tunajiuliza ni jambo gani huifanya dhana ya msingi ya fizikia imvutie mtoto hata aione kuwa mali yake. Hoja yetu ni kwamba mvuto huo hautokani kwanza na vifaa. Hutokana na mtoto kupewa nafasi ya kuuliza juu ya kitu alichokigusa, kwa lugha aliyokijulia kitu hicho.

2. Kutoka Magamba hadi Mkwawa

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa hapo walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe ndipo wayatie katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa finyu. Siku moja mwenzake alitia maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu kama uji.

Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Hata hivyo, mjini Tanga alikutana na rafiki aliyeuza aiskrimu, naye akamweleza kuwa huanza na maziwa ya moto ili yagande upesi. Jambo hili lina uzito mkubwa. Maarifa yale yalikuwa tayari mikononi mwa wachuuzi; yalichokosa ni ruhusa ya kuingia darasani.

Mpemba alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akasema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, kosa lake lilipewa jina lake, na darasa likacheka. Kisha Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, alikwenda kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamwuliza: maji ya nyuzijoto 35 na ya nyuzijoto 100, yaliyo sawa kwa ujazo, yakitiwa katika jokofu, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na matokeo yakaafikiana na maneno ya kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Jina lililotumika kama dhihaka likawa jina la kisayansi.

Hapana budi kuongeza kwamba suala lenyewe halijafungwa. Aristotle, Bacon na Descartes walikwisha kuligusia. Wengine hutaja uvukizi unaopunguza maji, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine gesi zilizoyeyuka. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya na hawakupata ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walionesha athari ya namna hiyo katika mfumo wa chembe ndogo mno. Kwa mwalimu, ubishi huu ni hazina: ni mara chache mwanafunzi hukutana na swali ambalo hata kitabu hakijalimaliza.

3. Suala la lugha

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ilhali sekondari ziliendelea na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hivyo basi, istilahi kama kani, kanieneo, tungamo na mchapuko zilikwisha kuwapo; kilichokosekana ni darasa la sekondari la kuzitumia.

4. Buguruni kama maabara

Tumtazame sasa mwanafunzi wa Buguruni. Akielekea shuleni humwona msukuma mkokoteni akikimbia kabla ya kufika mwinuko, naye hajasoma sura ya nishati. Sokoni huiona mizani ikitulia pande zote mbili. Kwa Mnyamani huivuka reli, na anaweza kuuliza kwa nini mafundi wa reli huacha mwanya katika maungio. Nyumbani, penye jokofu la kugandishia barafu za kuuza, jaribio la Mpemba linahitaji vikombe viwili vinavyofanana, maji na saa. Mwalimu na awaache watabiri kwanza, wabishane kwa Kiswahili, wapime, warudie, ndipo awape sheria na jina lake la Kiingereza kwa ajili ya mtihani.

5. Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Historia ya Mpemba inatufunza kwamba methali hiyo humhusu anayeulizwa kuliko anayeuliza. Walimu wawili walikuwa na elimu ya kutosha kulijibu swali lile kwa jaribio la siku moja. Wakalifunga kwa neno moja. Hatujui ni maswali mangapi ya namna hiyo yamezimwa kwa kicheko, au kwa sababu mwenyewe hakuwa na Kiingereza cha kuyasemea. Mwalimu wa Buguruni anayetaka fizikia ipendwe na aanze kwa kulisikiliza swali, kisha alitie katika jokofu.