Moto wa Kariya na Maarifa Yanayosafiri

Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997, moto uliteketeza kiwanda cha kampuni ya Aisin Seiki mjini Kariya, Japani. Kiwanda hicho ndicho kilichoipatia Toyota karibu vali zote za aina fulani ya breki. Kwa kuwa Toyota ilijengwa juu ya mfumo wa kupokea vipuri kadiri vinavyohitajika tu, akiba yake ilikuwa ndogo mno. Katika siku chache, viwanda vyake vingi vikasimama.

Hata hivyo, ndani ya takriban wiki moja magari yalianza kutoka tena. Aisin iligawa michoro ya vali zake, na makampuni yapatayo 60 yakaanza kuzitengeneza, ikiwemo Brother, iliyojulikana zaidi kwa cherehani. Hakuna aliyesubiri kwanza mkataba wala makubaliano ya bei.

Tusidhani kwamba huo ulikuwa muujiza wa siku moja. Tangu mwaka 1943 wagavi wa Toyota walikuwa na jumuiya yao, Kyohokai, ambamo walikutana na kujifunza wao kwa wao. Wahandisi walizoea kuingia katika viwanda vya wenzao. Moto ulipowaka, maarifa yalikwisha kuzoea kusafiri.

Lakini mfumo huo ulikuwa na upofu wake. Tetemeko la Machi 2011 liliifundisha Toyota kwamba iliwajua wagavi wake wa karibu, bali haikuwajua vya kutosha wagavi wa wagavi hao. Ndipo ikajenga kanzidata ya kuwafuatilia. Tena, tusisahau suala la nguvu: karakana ndogo inayomfunulia mnunuzi mkubwa mbinu zake humpa pia silaha ya kuishurutisha ishushe bei. Maarifa kushirikiwa si sawa na faida kugawanywa kwa haki.

Kwetu, historia hii inazihusu pia ofisi za umma. Ni bohari ngapi za dawa ambazo kumbukumbu zake zimo kichwani mwa ofisa mmoja? Akihamishwa, mgonjwa ndiye anayelipa gharama. Taasisi isiyoandika inachokijua, wala kukishiriki na wengine, itaanza upya kila panapotokea moto. Na akiba ya maarifa haiwekwi siku ya moto.