Kiwanda Kinapozeeka: Somo la Matairi na Vyandarua vya Arusha

Katika Jiji la Arusha ipo kata iitwayo Unga Limited. Jina hilo si la ukoo wala la mlima. Ni la kampuni ya kusaga nafaka. Kampuni imekwenda na zake, jina limebaki, na kila siku linatamkwa na makondakta wa daladala na watoto wa shule wasio na habari kwamba wanaitangaza biashara ya watu wa zamani. Mimi ni mkazi wa kata jirani ya Sokon I, na kwetu sisi wa upande huu wa jiji swali la kwa nini kiwanda kimoja hufa na kingine huendelea kuishi si la vitabuni tu. Kodi za vyumba, ada za shule na biashara za mama lishe hutegemea, kwa kiasi kikubwa, kama kuna mtu mtaani aliyelipwa mshahara mwisho wa mwezi.

Siku hizi mijadala yetu ya uchumi imeelemea mno upande wa kuzaliwa kwa biashara. Tuna mashindano ya kampuni changa, mikopo ya vijana na semina za kuandika andiko la mradi. Hayo ni mema. Lakini biashara nyingi hazikosi ubunifu siku ya kwanza, kwani njaa ya mwanzilishi huwa ni mwalimu wa kutosha. Hukosa ubunifu katika mwaka wa ishirini, pale ambapo bidhaa iliyowapa watu ulaji imegeuka kuwa mazoea na hakuna tena anayethubutu kuuliza kama bado inahitajika. Ndiyo maana napenda kuwarudisha wanafunzi wangu kwenye historia ya viwanda viwili vya hapa hapa Arusha, vilivyoanzishwa kwa tofauti ya miaka mitatu tu.

Cha kwanza ni General Tyre East Africa. Kilianzishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa ubia wa Serikali na kampuni ya General Tire ya Marekani. Serikali ilishika asilimia 74 ya hisa na mbia asilimia 26. Matairi yalianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika wakati wake, jambo hili lilikuwa la kijasiri: nchi iliyokuwa na umri wa miaka minane tu tangu uhuru iliamua kutengeneza kitu kigumu kama tairi badala ya kuridhika na kuuza mazao ghafi. Fikra ilikuwa pana kiasi kwamba mashamba ya mpira yalipandwa Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, ili malighafi itoke nyumbani. Mwenye kudai kwamba wazee wetu hawakuwa na ubunifu hajaisoma historia hii.

Mwaka 1987 General Tire ya Marekani ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, na mbia wetu akabadilika bila sisi kumchagua. Kisha uchumi ukafunguliwa, matairi ya nje yakaingia kwa wingi, na kiwanda kilichozoea soko lililolindwa kikajikuta uwanjani bila mazoezi. Katikati ya miaka ya 2000 kilipewa mkopo wa dola milioni 10 kutoka NSSF, nao haukukiokoa. Kabla ya muongo huo kwisha mitambo ilikuwa imenyamaza. Hatimaye Serikali ilinunua hisa za mbia na kukikabidhi kiwanda kwa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Tangu hapo ahadi za kukifufua zimetolewa awamu kwa awamu, na kila wataalamu walipokwenda kutazama walirudi na jibu linalofanana: mitambo imepitwa na wakati.

Cha pili ni A to Z Textile Mills. Kilianza mwaka 1966 kama kiwanda kidogo cha nguo cha familia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaongeza utengenezaji wa vyandarua vya kawaida. Dhoruba ya soko huria ilipovuma, nguo mpya zilizoshonwa nchini zikalazimika kushindana na mitumba na nguo za bei ya chini kutoka Asia. Viwanda vingi vya nguo vilifungwa, vya umma na vya watu binafsi. A to Z hakikufungwa. Kiliacha kujiuliza, "Tutauzaje nguo zaidi?" kikajiuliza, "Sisi tunajua kufanya nini, na nani anakihitaji?"

Jibu lilitoka kwa mbu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 chandarua chenye dawa kilimtaka mwenye nyumba akichovye upya kila baada ya miezi kadhaa, kazi ambayo familia nyingi hazikuifanya. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilikuwa imegundua namna ya kuichanganya dawa ya permethrin ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa uzi, ili dawa itoke polepole juu ya uzi kwa miaka na isiishe kwa kufuliwa. Mwaka 2003, kwa ushirikiano uliowahusisha Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Acumen Fund, Sumitomo iliupeleka ujuzi huo Arusha bila kudai mrabaha, na Acumen ikatoa mkopo wa dola 325,000. Kiwanda cha nguo kikalazimika kujifunza kemia ya plastiki. Mwaka 2007 kikaingia ubia kamili na Sumitomo, na muongo huo ulipokuwa ukiisha uwezo wake ulikaribia vyandarua milioni 30 kwa mwaka, kikiwa na wafanyakazi wapatao 7,000, wengi wao wanawake.

Hapa msomaji wangu anaweza kusema: "Kumbe ni hadithi ya kawaida, cha umma kimekufa, cha binafsi kimepona." Nakataa usomaji huo mwepesi. Viwanda binafsi vya nguo vilikufa kwa makumi katika miaka ile ile, na A to Z yenyewe isingefika ilipofika bila fedha za umma, za ndani na za nje. Mpango wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya wajawazito, na kampeni za ugawaji wa vyandarua zilizofuata, vilikuwa soko lililoundwa na sera. Kwa hiyo Serikali ilikuwepo katika hadithi zote mbili. Tofauti haiko katika jina la mwenye hisa.

Tofauti ninayoiona ni mbili. Kwanza ni mahali ujuzi ulipokaa. Katika ubia wa matairi, ujuzi wa kiufundi ulikuwa mali ya mbia. Sisi tulikuwa na hisa nyingi zaidi na yeye alikuwa na maarifa mengi zaidi. Mbia alipouzwa, kisha alipopoteza hamu, tulibaki na asilimia 74 ya majengo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. A to Z nayo iliazima, lakini ikaazima ili ishone yake: baadaye ilitengeneza chandarua chake yenyewe, MiraNet, kikakidhi masharti ya Shirika la Afya Duniani, na ujuzi wa plastiki ukaipeleka hadi kwenye mifuko ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa. Pili ni umbali kati ya anayeuona mtambo ukichoka na anayeidhinisha kuubadilisha. Katika General Tyre, uamuzi wa kuwekeza upya ulipaswa kukubaliwa na wenye hisa wawili waliokuwa katika mabara mawili. Katika kiwanda cha familia, mwenye kuuona ufa ndiye mwenye kushika fedha.

Hata hivyo, nisingependa mtu atoke hapa akidhani A to Z imefika salama. Mbu nao hawakukaa kimya. Wamejenga usugu dhidi ya jamii ya dawa zilizotumika kwenye vyandarua hivyo, na watafiti wa hapa nchini wamekuwa mstari wa mbele kuonyesha nini kinafuata. Utafiti wa Muleba, Kagera, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO hukinga watoto vizuri zaidi. Ule wa Misungwi, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha nguvu ya vyandarua vyenye dawa mbili, chlorfenapyr ikiwa mojawapo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Bidhaa iliyokuwa ajabu ya dunia mwaka 2003 imezeeka ndani ya miaka 20. Mbu hasubiri bajeti wala kikao cha bodi.

Zaidi ya mbu kuna mnunuzi. Chandarua cha kampeni hakinunuliwi na mama wa Sokon I anayekitumia. Kinanunuliwa na mifuko ya wafadhili kwa zabuni kubwa, kwa mawimbi, ambapo mwaka mmoja ni wa neema na miwili ya ukimya. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka huo USAID ikafungwa. Hatuhitaji kuwa manabii kuona kinachofuata kwa sekta nzima inayoishi kwa soko la wafadhili. Soko lililolindwa lililoilaza General Tyre na zabuni ya mfadhili mmoja ni ndugu: vyote viwili humfanya mzalishaji amtazame anayelipa badala ya anayetumia.

Kwa watumishi wa umma, somo ni kwamba mkataba wa ubia unaotaja asilimia za hisa bila kutaja ni ujuzi gani utakaobaki mikononi mwa Watanzania, na ifikapo mwaka gani, ni mkataba wa kukodi jengo. Aidha, Arusha ina TEMDO tangu mwaka 1980, ina CAMARTEC, na ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Taasisi hizi zipimwe kwa viwanda vilivyobadilisha bidhaa kwa msaada wake, si kwa warsha zilizofanyika. Kwa wanaharakati, nasema kwamba haki za mfanyakazi ni sehemu ya ubunifu. Aliye na kibarua cha mwezi kwa mwezi hana sababu ya kumwambia msimamizi kwamba mtambo unaweza kufanya kazi vizuri zaidi. Kwa wanafunzi, nawaomba mchague kiwanda kimoja kilicho hai kilichovuka miaka 20, mkafuatilie ni lini mara ya mwisho kilibadilisha kitu cha msingi, na nani aliyepinga.

Mazungumzo ya kufufua matairi yatarudi tena, pengine na mwekezaji mpya na picha nzuri za mitambo. Siku hiyo ikifika, tusianze kwa kuuliza mitambo itafika lini bandarini. Tuulize ni nani ataitengeneza ikiharibika, na ni nani, miaka 20 baadaye, atakuwa na mamlaka ya kusema kwamba imezeeka.