Tarehe ya Kofia ya Viua

Shangazi yangu hakuwa akiitazama kofia kwa nje. Ukimpelekea kazi yako aliigeuza ndani nje kwanza, akapitisha ncha ya kidole juu ya mshono, na kidole kikikwaruza fundo, alikurudishia bila neno. Nje ya kofia, alisema, ni ya watu. Ndani ni yako na sindano yako. Tulikuwa tukikaa barazani Ng'ambo, Unguja, baada ya alasiri, na kila mmoja ana kipande chake cha bafta, pamba nyeupe nyembamba, mapajani.

Hii ni habari ya kazi hiyo: kofia nyeupe iliyojaa viua, yaani maua madogo, ambayo maua yake si rangi wala si nakshi ya kubandikwa. Ni vitobo vitupu. Iinue mbele ya dirisha uone mwanga ukipita.

Habari inaanza na kitambaa. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, aliwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zikija Unguja kuchukua pembe na sandarusi. Walicholeta ni pamba nzito isiyotiwa rangi, nayo ikachukua jina la kwao: marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowazuia Wamarekani, 1861 hadi 1865, mzigo ulikatika na nguo za Uingereza na Bombay zikaziba pengo. Jina halikubadilika.

Wakati huo sindano ilikuwa na heshima yake ndani ya majumba makubwa. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na humo anawaonyesha mabibi wa nyumba ya kifalme wakishona na kudarizi nguo. Walikuwa na watumwa wa kupika, kuchota maji na kupepea, lakini kudarizi walidarizi wenyewe. Ilikuwa kazi ya mikono isiyomshusha bibi cheo.

Nje ya majumba hayo mavazi yalikuwa mpaka. Mtumwa alijulikana kwa marekani chakavu au kaniki kiunoni, na kwa kichwa kitupu. Kofia ilikuwa ya muungwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kwa amri ya Sultani Hamoud mwaka 1897, ingawa masuria walingoja mpaka 1909. Walioachiwa huru walianza na nguo: wanawake wakajifunga kanga, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Asiyekuwa na fedha ya kununua kofia alikuwa na mikono, na kama si yake basi ya mkewe au dada yake. Ndipo kazi iliyokuwa ya mabibi ikahamia kwenye vibanda vya Ng'ambo, na mtoto wa mtu aliyekatazwa kufunika kichwa akavaa kichwani kazi ya miezi.

Wanawake walikuwa wameshauonja ujanja huo wa kujitengenezea vazi kwa mikono yao. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilitokana nao: walinunua leso za rangi zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo hakuna kiwanda kilicholifikiria. Wafanyabiashara waliona, wakaagiza kanga nzima iliyokwisha chapwa.

Kisha ikaja cherehani, na hapa kazi mbili zikaachana. Kanzu ilikwenda kwa fundi. Badani, taharizi za ubavuni, vikwapa, kaba ya shingoni, vyote vilikubali kupita chini ya mashine. Kofia ilikataa. Mashine ya miguu hujua kwenda mbele. Kitobo kinataka mshono uzunguke mahali pamoja, ukingoni mwa kitu ambacho hakipo.

Hivi ndivyo inavyoshonwa. Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa ubavuni, kila kimoja tabaka mbili za kitambaa. Kwanza huchorwa kwa penseli, na mwenye mkono wa kuchora huchorea mtaa mzima. Halafu tabaka hushikizwa kwa bandi ili zisitembee. Kitobo hutobolewa kwa kitu chenye ncha, si kwa mkasi, maana nyuzi za kitambaa zinatakiwa zisogee, zisikatike. Uzi huzungushwa ukingoni, mshono ukigusa mshono, ukivutwa kwa nguvu ile ile moja. Ukilegeza, kitobo kinafumba. Ukikaza mno, bafta inajikunja. Kikiisha kimoja unahamia jirani yake. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, na ya mtu mwenye watoto na jungu jikoni huchukua miezi. Mwisho vipande huungwa, kofia ikafuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya bakuli lililofunikwa ili ikae umbo.

Usidhani ni kazi ya wanawake peke yao. Lamu utawakuta wanaume wamekaa na sindano, wakishona na kuzungumza, na hakuna anayewashangaa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Unguja, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi walipokewa Muscat. Sindano ilisafiri nao. Leo kofia ya Oman, kumma, ni vazi la taifa, mtoto anaivaa na waziri anaivaa, na wake na akina mama huishona nyumbani. Mzee wa Unguja akiishika haulizi imetoka wapi.

Sasa mashine zimejifunza kuzunguka. Kofia za kiwandani zimejaa sokoni Darajani, vitobo vimepangika kama vya rula, na bei yake haitoshi hata kulipa uzi na macho ya mshonaji. Sizilaumu, mtoto wa madrasa anapoteza kofia kila mwezi. Ila muuzaji huzitandika zote pamoja, za mashine na za mkono, na kutaja bei moja kubwa. Usibishane naye. Chukua kofia, igeuze ndani nje. Ya mashine utaona uzi wa chini umeruka kutoka kitobo hadi kitobo kama utando wa buibui. Ya mkono ndani ni safi kama nje. Pitisha kidole taratibu. Akikuona hivyo atajua umekulia kwa mtu wa sindano, na bei ile ya kwanza hataitaja tena.