Shule na Shamba Lake: Somo Kutoka China ya Kale



Niliposoma historia Chuo Kikuu nilikutana na habari moja ya China ambayo sikuielewa vema mpaka nilipoingia serikalini na kuanza kushughulikia mafungu ya fedha.

Mwaka 1044, katika enzi ya ukoo wa Song, kwa juhudi za waziri Fan Zhongyan, ilitolewa amri kwamba majimbo na wilaya zianzishe shule. Fan alifiwa na baba angali mtoto mchanga. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi alipika uji, akauacha ugande, akaukata vipande vinne: viwili vya asubuhi, viwili vya jioni. Basi aliijua njaa ya mwanafunzi. Lakini mwaka 1045 aliondolewa madarakani, na mahali pengi amri ile ikabaki maneno matupu.

Kilichozipa shule uhai ni ardhi. Mwaka 1071, wakati wa waziri Wang Anshi, serikali iliagiza kila shule ya jimbo ipewe mashamba ya qing 10, yaani zaidi ya ekari 100. Shule iliyakodisha kwa wakulima, na kodi yake ikalipa walimu, ikalisha wanafunzi na kutengeneza majengo. Mwalimu hakukaa akingojea fungu kutoka mji mkuu.

Hata hivyo, shamba lisilolindwa huliwa. Wenye nguvu walimega mipaka, na wapangaji wengine wakakataa kulipa. Ndiyo maana shule nyingi zilichonga orodha ya mashamba yao juu ya mawe na kuyasimamisha shuleni, ili kila mtu asome na asiwepo wa kusema hakujua. Karatasi hupotea, jiwe halipotei upesi.

Ndugu zangu, sisi nasi tulilima shamba la shule, tukanung'unikia malengelenge, lakini mahindi yale tuliyala. Nilipopita mwaka jana niliona nyumba ya mtu imesimama pale tulipokuwa tukipanda. Nikauliza hati ya shamba. Nikajibiwa kwamba inatafutwa.

Najua mkutano wetu umekusudia kuchangia rangi ya mabweni. Ni jambo jema. Lakini naomba kwanza tumlipe mpima ardhi, na mawe ya mipaka yasimikwe wanafunzi wakishuhudia.