Wasami wa Hamburg, na macho ya watazamaji

Mwaka 1875 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, aliagiza reindia kutoka kaskazini ya mbali ya Ulaya. Rafiki yake mchoraji, Heinrich Leutemann, akamtia wazo: kwa nini wachungaji wao nao wasije? Wakaja Wasami sita, wanaume watatu, mama mmoja na watoto wawili, mdogo wao bado ananyonya.

Hawakuimba wala kucheza ngoma. Walisimamisha mahema yao, wakayashusha, wakayasimamisha tena. Walikama reindia. Mama alipomnyonyesha mwanawe, watu walisongamana kumkodolea macho. Hagenbeck alikuwa amegundua kwamba maisha ya kawaida ya mtu, ukiyawekea kiingilio, ni tamthilia isiyohitaji mtunzi. Kutoka Hamburg kundi lilipelekwa Berlin na Leipzig, na baada yao wakafuata wengine wengi. Wainuit wanane wa Labrador hawakuchanjwa ndui walipofika 1880, na kufikia Januari 1881 wote walikuwa wamekufa. Mmoja wao, Abraham Ulrikab, aliacha shajara.

Ni rahisi kuwachora wote kama mateka. Mtafiti wa Norway Cathrine Baglo, aliyefuatilia safari za Wasami hao, anaonyesha jambo gumu zaidi: wengi walikuwa na mikataba na mishahara, na walijua wanakwenda kufanya nini. Bila shaka aliyeshika daftari la hesabu alikuwa mwingine.

Kisha ikaja Berlin, 1896. Katika bustani ya Treptow, Ujerumani iliwapanga kwa maonyesho zaidi ya watu 100 kutoka makoloni yake, wakiwemo Waswahili na Wamasai wa Afrika Mashariki. Kijana wa Kameruni, Kwelle Ndumbe, alijinunulia darubini ndogo, ile ya kutazamia opera, akaanza kuwachunguza Wajerumani waliokuja kumchunguza. Sijui mwongozaji aliyewahi kubuni onyesho kali kuliko hilo.

Brett Bailey, mwongozaji Mzungu wa Afrika Kusini, alijaribu. Katika onyesho lake Exhibit B, waigizaji weusi walisimama kimya kama vielelezo vya makumbusho, wakimfuata kwa macho kila aliyepita mbele yao. Septemba 2014 waandamanaji waliziba mlango wa onyesho hilo London, na ukumbi wa Barbican ukafuta maonyesho yote. Waandamanaji walihoji kwa nini Mzungu ndiye tena anayepanga miili ya watu weusi, na watazamaji wakilipa kiingilio. Waigizaji walijibu hadharani kwamba wameichagua kazi hiyo wenyewe.

Nawaamini waigizaji, lakini naelemea upande wa waandamanaji. Hata Wasami wa Hagenbeck walikuwa na mikataba. Na macho yale makali ya jukwaani yalielekezwa na Bailey, ilhali Ndumbe hakuelekezwa na mtu. Miezi michache baadaye Exhibit B ilifika Saint-Denis, kando ya Paris. Huko pia watu waliandamana, lakini onyesho liliendelea chini ya ulinzi wa polisi.